Kumzeesha Tata Banza

Tangu niache kazi, nyuso zinanijia vipande vipande. Mchana, ninapojinyoosha mkekani baada ya kula, linakuja sikio. Halafu linakuja paji la uso ambalo si la mwenye sikio. Halafu kidevu cha bibi harusi mmoja wa zamani, kimetulia hewani, kinanisubiri niamue nikiweke wapi. Siogopi. Nimeishi na vipande vya watu tangu nikiwa msichana, na vikinijia usingizini navipanga tu polepole, mpaka mtu fulani atimie aende zake.

Ninyi vijana mnaofanya montaji leo, mnaomkata mtu kwa kugusa kidole na kumpeleka mbele ya ndege au maporomoko ya maji, mmeniomba niwaeleze kazi ilivyokuwa. Naitwa Mama Numbi. Pale Manika, mtaa wetu katika mji wa migodi, wengi waliniita Mama Montaji, na wapo ambao hawakujua kama nina jina jingine. Msitegemee niwapangie mwaka baada ya mwaka, maana miaka yenyewe imelaliana kichwani mwangu na sina haja ya kuitenganisha. Ninachotaka hasa ni kuwasimulia juu ya mtu mmoja ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai, na ambaye nilimfanya mzee.

Lazima mjue kwanza kwamba kazi yangu ilikuwa kinyume kabisa. Mimi nilikuwa mfutaji wa uzee. Tata Kaumba, yaani Baba Kaumba, mwenye studio, alinichukua kwa sababu mkono wangu haukutetemeka. Akaniketisha dirishani na penseli iliyochongwa ndefu kama sindano, nikawa nachora juu ya negatifu, ile filamu ya picha kabla haijachapwa. Kwenye negatifu kila kitu kimepinduka: cheusi ni cheupe, na kunyanzi linaonekana kama mfereji unaong'aa. Unaujaza kwa vidoa vya penseli, kidoa pembeni ya kidoa, mpaka mfereji upotee. Picha ikichapwa, mtu amepungua miaka, na hajui nani amemwibia.

Siku moja ililetwa negatifu ya bibi wa katekista, mama wa baba yake, uso umekunjamana kama kitenge kilichokamuliwa. Nilikaa naye dirishani kutwa. Nikafuta paji, nikafuta mashavu, nikafuta hata kamstari ka chini ya mdomo, nikajipongeza moyoni. Familia ilipokuja kuchukua picha, waliipitisha mkono kwa mkono.

"Hii foto ni ya nani?" katekista akauliza.

"Ni ya bibi yenu."

"Hapana, mama. Bibi yetu iko ku nyumba. Huyu ni nani?"

Tata Kaumba hakunigombeza. Aliichukua ile negatifu, akaielekeza kwenye mwanga, akaitazama kwa muda.

"Umetosha njia zote, umezifuta," alisema. "Sasa batoto bake batapita wapi juu ya kumufikia?"

Nilinuna, maana nilikuwa msichana wa kununa. Lakini tangu siku ile kila niliyemfuta nilimwachia kidogo, mkunjo mmoja pembeni ya jicho au kwenye kona ya mdomo, mahali ambapo watu wake wamezoea kumtambua. Na ninyi fanyeni hivyo. Hizo programu zenu zinazolainisha ngozi mpaka mtu anabaki kama yai lililomenywa, zizimeni mara mojamoja.

Na msidhani kalki zilizaliwa na kompyuta. Zile tabaka za picha zinazokaa moja juu ya nyingine, kila moja na kipande chake, Tata Kaumba alikuwa nazo za vioo. Alibandika mtu kwenye kioo kimoja, ua kwenye kingine, wingu kwenye cha tatu, akavipanga juu ya meza na kuvipiga picha vyote kutoka juu. Nilipenda sana kuinama juu ya vioo vile. Ukisogeza kichwa kidogo, wingu lilisogea na mtu akabaki, na mimi nilihisi kama nimeinama juu ya kisima na dunia nzima imo ndani, haijaamua bado itakuwaje.

Makosa nayo yalikuwepo. Kuna bwana harusi mmoja alichelewa kutoka mgodini siku ya ndoa yake, mwanga ukaanza kwenda. Bi harusi akasimama na kaka yake ili pasibaki tupu, na sisi tukamkata bwana kutoka picha nyingine tukambandika juu ya kaka. Nilimfunika kaka vizuri, kichwa, mabega, viatu. Mkono wake uliokuwa kiunoni mwa bi harusi nikausahau. Picha ikatundikwa sebuleni kwao na mikono mitatu. Mjomba mmoja aliutetea, akasema huo wa tatu ni mkono wa Mungu unashikilia ndoa, na mpaka leo sijasikia kwamba wameachana.

Kompyuta ilipofika nilikuwa nimeshakuwa mama mtu mzima, na nilikichukia kile kipanya kilichokimbia mezani kila nilipotaka kwenda kushoto. Umeme ukikatika, mtu niliyekuwa nimemfikisha nusu alikatika pamoja nao. Nimepoteza maharusi wengi kwa njia hiyo. Hifadhini kazi yenu kila mnapovuta pumzi.

Mama Ngoie aliingia studio wakati nilipokuwa nimeshaanza kusema nitaacha. Aliuza unga sokoni pale Manika na alinizidi umri, kwa hiyo nilimwita Yaya kama dada yangu mkubwa. Mwanawe Monga, dereva wa lori la mawe, mtu wa maneno machache mwenye mvi za kwanza, alimshika kiwiko akamwingiza. Mama Ngoie alinyoosha mkono akausalimia mwamvuli wa taa zangu.

"Mama, Mama Numbi iko huku," Monga akasema.

"Namuyua. Nilianza na ule mwengine."

Tukacheka, mimi na yeye. Monga hakucheka. Alipoketi, Mama Ngoie alitoa ndani ya kitenge picha ndogo nyeusi na nyeupe, iliyopigwa katika mji mwingine zamani: kijana mwenye shati lililofungwa mpaka kooni, mdomo umebanwa. Wapiga picha wa wakati ule walikataza watu kucheka.

"Huyu bwana yangu, Tata Banza. Alikufa kijana, ugonjwa ya mbio, huyu Monga akingali mu mugongo. Sasa uniangalie mi, Numbi. Niko mama muzee. Na yee, siku nikimukumbuka, anakuya paka na ile sura ya kijana tu. Naona haya. Iko sawa na mujukuu yangu."

"Unataka nifanye nini, Yaya?"

"Unizeeshee bwana yangu. Macho inafunga. Munganga ya macho alisema ile yenye kuenda hairudie. Nataka nimuone muzee, hata mara moya, mbele ya giza kukuya."

Kisha akanieleza anavyoona. Pembeni pote pameshafifia, alibakiwa na duara dogo la katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe lilikuwa linazidi kubana.

"Mama, baba hakufika pale," Monga alisema taratibu. "Ule atakutengenezea ni mutu mwengine. Utamulilia mutu hatumuyue."

"Basi, njo nimuyue sasa," mama yake akajibu.

Nilikubali papo hapo, kwa kiburi. Nilijiambia kwamba aliyefuta uzee maisha yake yote anajua ulikokaa.

Nikaanza na njia ya uvivu. Kuna programu ya simu ambayo unaipa uso wa kijana nayo inakurudishia mzee. Nikaipa Tata Banza. Ikamrudisha na midomo iliyokonda, pua iliyochongoka na ngozi ya majivu, mzee wa nchi za theluji aliyepakwa kahawia. Mama Ngoie alilisogeza duara lake juu ya simu, taratibu, kutoka kidevu hadi kichwa.

"Huyu si ule padri muzee wa zamani?"

Basi nikaiweka simu pembeni. Nikamwambia kwamba uzee haumwagiki usoni ovyo kama mvua. Kunyanzi linakaa pale uso unapopita kila siku: anayecheka linamkalia hapa, anayekaza macho juani linamkalia pale, anayetafuna upande mmoja shavu lake linajua. Kwa hiyo nilihitaji kumjua mwenyewe. Alichekaje? Alipofikiri, alikunja paji au alivuta mdomo? Upande gani?

Nikaona mikono ya Mama Ngoie inatafuta kitu mapajani ambacho hakikuwepo.

"Siyue tena," alisema. "Nafikiri namukumbuka, kumbe nakumbuka paka foto tu. Nafasi foto inaishia, na yee anaishia."

Akalia bila sauti, na mimi nikalia naye, kwa sababu nilielewa kwamba hakuwa amepoteza macho tu. Yule mtu mwenyewe alikuwa anamtoka, na picha tuliyotaka kuifanya ndiyo kamba iliyobaki.

Nikageukia majani. Wazo lilikuwa kujenga ngozi ya mzee kwa vitu vilivyozeeka vyenyewe, jani, gome, udongo uliopasuka, kila kimoja kwenye kalki yake, na uso wa kijana chini kabisa kama mtu aliyelala chini ya maji. Bado nalipenda wazo lile. Ila sikutoka nje kuokota. Niliketi nikaandika kwenye intaneti maneno ya Kifaransa, uzee na asili, zikanimiminikia picha za mafundi wa ng'ambo: nyuso za wazee ndani ya majani mekundu, mekundu yote, yanaanguka. Nikaona hiyo ndiyo sheria. Nikachukua majani mekundu nikampamba nayo Tata Banza, mashavu, paji, yakishuka mpaka mabegani. Ilikuwa nzuri kwa kweli. Nilikaa mbele yake hadi chai ikapoa, nikajiona naelea kati ya yale majani.

Wakaja, mama na mwana. Mama Ngoie alisogeza pua karibu na skrini.

"Hii nyekundu ni nini?"

"Ni majani, Yaya. Majani mazee."

Monga alitazama skrini. Akageuka akatazama mlangoni. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mti wa muputu umetoka kupukutisha majani, na kama kila mwaka mvua inapokaribia, ulikuwa umechipua upya kuanzia juu hadi chini: majani laini, yanang'aa, mekundu kama shaba. Akatazama skrini tena. Kitu kikaanzia puani mwake, kama anataka kupiga chafya, kikashuka kifuani, na yule mtu asiyecheka akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Numbi, ile ni majani ya batoto. Umevalisha baba nguo ya bebe."

Nimezaliwa hapa. Tangu nipate akili nimeona msitu wetu ukianza na wekundu na kuishia na kijani. Kwa wenzetu jani jekundu linakufa. Kwetu limezaliwa juzi. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina la mama yangu, na bado nilikuwa nimempeleka marehemu wa watu kwenye kaburi la msimu usio wetu. Nilitaka kujitetea, nikafungua mdomo.

"Nyamaza," Mama Ngoie akasema, si kwa hasira. Alikuwa ameinua kiganja na ameinamisha kichwa upande mmoja. "Monga, cheka tena."

"Mama?"

"Cheka. Inaanzia mu mapua. Njo ile, ile yenyewe. Njo vile baba yako alikuwa anacheka, bakamufukuzaka hata mu kanisa juu ya ile kicheko." Akashika mkono wangu kwa nguvu. "Numbi, iko pale. Ilikuwa mu nyumba yangu hii miaka yote na mi sikuisikia."

Monga alirudi nyumbani kila siku na vumbi na uchovu. Hakuwa mtu wa kucheka mbele ya mama yake. Nikakamata kamera. Bila shaka alipoiona kamera akakauka kama baba yake kwenye ile picha, mdomo umebanwa. Ikabidi mama yake aanze, kwa sauti ya msomaji wa habari: marehemu Tata Banza amezaliwa upya, ana meno mawili, amevishwa nguo ya bebe na Mama Montaji. Kicheko kikarudi. Nilimpiga picha kutoka upande wa dirisha, mwanga ukilamba shavu, na ndani ya kamera nikaona kila mkunjo ukifunguka mahali pake: kutoka pua kushuka hadi kona ya mdomo, kushoto ukizama kuliko kulia, na pembeni ya macho kamkono kalikofungua vidole.

Sasa nilikuwa na ramani. Nilikosa udongo wa kuijaza, na safari hii sikuutafuta kwenye skrini.

Mama Ngoie anakaa mtaa wa Kasulo. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mti mkubwa, lakini majirani walichimba kobalti mpaka mizizi ikabaki hewani, ukalala. Ukitembea uani kwake, ardhi inaitikia kwa chini kutoka kwenye mashimo. Kwa hiyo tulikwenda barabara ya Mutoshi, sisi mama wawili juu ya pikipiki moja ya taksi, sanduku la katoni mapajani mwangu, na kijana wa pikipiki akiendesha kwa adabu kama amebeba mayai. Tukashuka pembeni, penye miti iliyosalimika, tukaingia chini yake. Juu yetu kulikuwa kwekundu na jua lilipita katikati ya yale majani machanga likatumwagia rangi, hata vitenge vyetu vikaonekana vipya. Chini kulikuwa na wazee wote waliokwisha kuanguka.

Yeye hakuokota kwa macho. Aliokota kwa vidole, akilisikiliza kila jani. Lililolainika sana alilirudisha. Lililotobolewa na viwavi alilipenda, akaweka. Lililokauka likajikunja pembezoni kama kiganja cha mtu aliyelala, aliweka. Nilipolipata moja limefunikwa vumbi la malori, nikalipuliza, nikataka kulipangusa kwa kitenge.

"Usipanguse," alisema. "Na yee angekuwa na mavumbi."

Tukakaa pale bila haraka. Malori yalipita, vumbi likapanda, likabaki limening'inia kwenye mwanga, likatushukia mabegani. Alinieleza mambo ya mumewe ambayo nadhani hata yeye alikuwa anayasikia mara ya kwanza: kwamba hakupenda ugali uliopoa, kwamba aliogopa radi, kwamba usiku alisema maneno ya Kiluba usingizini na asubuhi akakana. Sikujua kama anakumbuka au anaota. Kwa kazi yangu haikuwa na tofauti.

Sikilizeni basi jinsi ya kujenga, maana hili hamtalipata kwenye programu. Jani liwekeni juu ya kioo cha skana, msifunge kifuniko, lifunikeni kwa kitambaa cheusi; hapo mishipa yake itasimama. Gome msiliweke kwenye kioo, litakikwaruza. Lipigeni picha dirishani asubuhi, mwanga ukija ubavuni. Na kwenye ngozi yetu nyeusi msichore kunyanzi kwa mstari mweusi, mtapata uso uliochafuliwa makaa. Ngozi yetu inapozeeka inang'aa kwenye ukingo wa mkunjo. Chora mwanga, kivuli kitakuja chenyewe.

Nilimlaza Tata Banza kijana chini kabisa. Juu yake nikaweka mikunjo ya Monga, nikaipunguza hadi ikawa kama pumzi kwenye kioo. Juu ya mikunjo, mishipa ya majani, nikiikunja ifuate njia ya kicheko. Paji nikalipa gome la muputu. Shingo nikaipa udongo wa dimbwi lililokauka. Ndevu zikatoka kwenye ile kuvu ya kijivu inayoning'inia matawini. Monga, ambaye hakuwa amesema tena habari ya kulilia mtu mwingine, aliniletea jiwe la kijani, moja ya yale ambayo kila mtoto wa huku amewahi kuokota na kujaza mfukoni. Nikalilowesha maji rangi yake iamke, nikalipiga picha, nikakata duara jembamba na kulizungusha kwenye mboni, maana macho ya wazee yana pete iliyofifia ambayo vijana hawana. Nilipofanya lile la jicho la pili, Tata Banza alinitazama. Niliacha kipanya nikatoka nje kidogo.

Nilikuwa nafanya kazi kama mtu anayetembea chini ya maji. Nafungua kalki, nafunga kalki: kijana, mzee, kijana, msitu, mwana, baba. Kuna wakati sikujua nani anamzeesha nani.

Nikamchapa mkubwa, kwenye turubai la plastiki, kimo cha mlango. Nilitaka awe mkubwa kwa sababu Yaya haoni vizuri. Mnaona akili yangu. Nilimtundika ukutani na hata wapita njia walisimama. Kutoka barabarani alikuwa mzee kamili, anazuia kicheko kisimtoke puani.

Mama Ngoie alikuja amevaa kitenge cha kanisani. Duara lake lilikuwa limezidi kubana, Monga alikuwa amenitumia ujumbe kunieleza. Akasimama mbele ya turubai, akaanza kusogeza kichwa.

"Naona jani," alisema. "Naona gome ya muti. Naona jani ingine, ile ya kutobolewa." Akatafuta juu, akatafuta chini. "Yee iko wapi?"

"Rudi nyuma, Yaya. Rudi kidogo."

Akarudi mpaka mgongo ukagusa ukuta. Tukamtoa nje, akatazama kutoka barabarani, lakini kutoka huko mwanga wa ndani haukumtosha, aliona weusi tu. Akaingia tena, akaweka kiganja juu ya turubai, akalipapasa, na turubai lilikuwa laini kama meza.

"Numbi, simuone."

Alisema kwa upole, kama anayeniomba radhi. Nilikuwa nimemjengea uso mkubwa kuliko dirisha alilobakiwa nalo. Kila alipoelekeza jicho aliangukia msituni, na mumewe alikuwa mbali na ule msitu, mahali ambapo yeye asingeweza tena kurudi nyuma kumfikia.

Monga akamshika kiwiko waende. Nikamwambia asubiri. Nilirudi kwenye kompyuta, nikampunguza Tata Banza, nikampunguza tena, mpaka akawa kama picha ya kitambulisho, ile tunayowapiga watu kila siku bila kuwatazama. Nikamchapa kwenye karatasi inayong'aa, nikamkata, nikamweka kiganjani mwa mkewe.

Alikwenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, akainyanyua, akaishusha, kama anayetafuta mahali pa uzi kwenye sindano. Halafu mkono ukasimama.

Pikipiki zilipita nje. Niliona midomo yake inacheza lakini maneno yalikuwa ya Kiluba na hayakuwa yangu.

Ghafla akaigeuza picha kifuani, akaifunika kwa kiganja uso ukielekea ndani, ili isimwone. Kwa mkono mwingine alinyoosha kitambaa chake cha kichwa. Akafuta unga uliobaki kwenye nyusi, akalowesha kidole akajipangusa pembeni ya mdomo. Akainama kwangu, mama mzima yule, akaninong'oneza ili mwanawe asisikie.

"Numbi, sema kweli. Na mi nimezeeka vile?"

Nilimtazama. Nilimtazama kama nilivyofundishwa kutazama, mkunjo kwa mkunjo, wala sikuona hata mmoja ambao ningeuondoa.

"Sawasawa naye, Yaya. Hakuna mwenye kumupita mwenzake."

"Bon, basi," akasema, na akaifunua.